Maji Matamu ya Okidi

Mimi nina mdomo, Bondeni nzima yajua, na Maleka alizoea kunicheka kwa huo mdomo. Tulikaa ghorofa moja, ukuta kwa ukuta. Yeye Mhindi wa Kibohora, mjane, mimi Mswahili wa papa hapa, na tulivyopendana, hata sukari hatukuombana. Mtu aliingia akachota.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Aqsa. Binti huyo alinunua okidi ikiwa majani matupu, akamwambia mamake itatoa maua ya zambarau. Kabla haijatoa, maradhi ya damu yakamchukua. Basi Maleka akabaki na jambo moja tu duniani: aione hiyo zambarau ya mwanawe.

Wallahi, mtoto mchanga halelewi vile. Makumbi ya nazi aliyachemsha, akayaroweka, akayamwaga, akayaroweka tena hadi chumvi yote itoke, ndipo akayatia chunguni. Majani akiyapangusa kwa kitambaa kibichi, moja moja. Ua hilo hakulimwagilia juu juu. Chungu alikichovya kwenye beseni, akakiacha kinywe, kisha akakining'iniza kidirishani penye jua la asubuhi. Na maji yawe matamu, ya chumvi huliunguza. Kwetu maji ya bombani ni ya kisima, ya chumvi, ya kufulia na kuogea. Ya kunywa twamngoja Dishon na mkokoteni wake wa mitungi.

Baada ya miaka ya majani matupu, siku moja akanigongea ukuta kama nyumba yaungua. Nikatoka mbio na upawa mkononi. Kumbe ua limetoa kikonyo, na juu yake vitumba. Tulilia sote wawili, mimi na upawa wangu.

Juma hilohilo Dishon akapotea. Maji matamu yakaadimika kisiwa kizima, kila mkokoteni unaopita una wenyewe. Nikampelekea Maleka nusu ya mtungi wangu, nikamwambia, "Hii ya kunywa, umesikia?" Maana daktari alikwisha mkataza chumvi, presha yake ilikuwa ya kutisha.

Kesho yake nikaingia kwake, nikanywa funda moja la chai. Nikaitema.

"Maleka! Chai ya maji ya kisima?"

"Nimeitia tangawizi nyingi," akasema.

"Na maji niliyokuletea yako wapi?"

Akatazama beseni. Chungu kimo ndani, chanywa.

Nilimtukana siku ile. Nikamwambia ana wazimu, nikamwambia Aqsa mwenyewe angelitupa hilo jani barabarani. Akaniacha nimalize. "Dada Mwanakuu," akasema, "vitumba vikikosa maji vitapukutika. Mimi nitavumilia siku mbili tatu tu." Miguu yake ilikwisha vimba. Niliona, nikaenda kumtafuta Dishon hadi Makupa, na niliporudi na mtungi nilimkuta sakafuni, mdomo umekwenda upande. Hakuamka tena.

Walimzika. Mdogo wake wa kike, Insiya, akafika kutoka Nairobi, macho mekundu, hata viatu havilingani. Alikuwa akisikia habari za okidi kwenye simu kila juma. Mtungi wangu wa maji matamu nikauacha pale karibu na dirisha, hata sikukumbuka kumweleza ni wa nini, nikamwachia nyumba na msiba wake, nami nikalala na homa kwangu.

Nilipopata nafuu nikaenda kumtazama. Mtungi wangu ulikuwa vilevile, kifuniko hakijaguswa. Ncha za majani zilikuwa zimeungua, nyeusi. Vitumba vilikuwa vya manjano, na vitatu vilikwisha anguka. Insiya alikuwa amesimama pale na jagi.

"Nalinywesha maji kila asubuhi," akasema. "Mengi. Sikutaka na hili nalo life."

"Maji ya wapi?" nikamwuliza, na nayajua.

Akaonyesha bomba la jikoni. Mtu wa Nairobi, kwake maji ni maji.

Niliinama nikaokota kitumba kimoja, nikakipasua kwa ukucha. Ndani kilikuwa cha zambarau. Aqsa hakusema uwongo.

"Mbona vyaanguka, dada?" Insiya akaniuliza. "Nimekosea wapi?"

Maneno yalinijaa kinywani. Chai ile, miguu ile, lile beseni. Nikayameza yote.

"Hukukosea, mdogo wangu," nikamwambia. "Lamlilia mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa, akafuta machozi, akalimiminia ua maji ya bomba yaliyobaki jagini.