Ukuta wa Mama Kitengela

Watu wakisikia nimekulia Kitengela, nje ya Nairobi, huuliza, "Flati gani?" Flati gani! Mwaka wa tisini na saba upande wetu hakukuwa na flati. Kulikuwa na ua wa miba, punda milia wakipita asubuhi kana kwamba shamba ni lao, na nyumba ya udongo ambayo mama yangu, Jentrix Nasike, aliijenga mara mbili. Mimi ni Valerie, mtoto wake wa kwanza. Nilikuwa na miaka tisa, na nilibebea hiyo nyumba maji mpaka shingo ikauma, kwa hivyo nisisikie mtu akisema eti baba ndiye alijenga.

Baba yetu, Wangila, alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha saruji huko Athi River. Ndiyo, anatengeneza saruji mchana kutwa na nyumba yake ni ya udongo. Chekeni tu, hata sisi tulicheka.

Kabla ya hapo tuliishi Bungoma, mbali huko magharibi, kwa nyanya, mama yake baba, miaka minne mizima. Baba tulimwona Krismasi. Mama alikuwa akipikia watu kumi na wawili na kuomba ruhusa hata ya kwenda sokoni. Mwaka mmoja baba alifika na begi lake, nikamkimbia nikajificha nyuma ya ghala, nikidhani ni mgeni. Hilo lilimuuma mama kuliko kazi zote za kule. Aliposikia baba amenunua kipande cha ardhi Kitengela, hakungoja kuitwa. Alifunga mizigo, akatushika mikono, akaja.

Baba alikubali shingo upande. "Sawa, jenga," akamwambia. "Lakini ikikushinda, Desemba kaka atakuja na pikapu awarudishe nyumbani." Kaka yake ni Baba Mkubwa Khisa, mtu ambaye akikohoa tu ukoo wote unanyamaza.

Mama alianza Januari. Nguzo na mabati baba alisimamisha Jumapili mbili, na hapo akaona amemaliza. Fito na kukandika, mama. Alichimba udongo pale pale kwa ploti, akaukanyaga na maji, akaupiga ukutani jinsi wanavyofanya kwao. Lakini kwao udongo ni mwekundu. Huu wetu ni mweusi, ule ambao ukiukanyaga mvua ikinyesha, mguu unatoka na kiatu kinabaki.

Jirani yetu Naisenya, mama Mmaasai wa makamo, alikuwa akipita na mzigo wa kuni mgongoni. Akasimama.

"Sopa, Mama Valerie. Hii udongo itapasuka."

"Kwetu tunajenga hivi," mama akajibu.

"Kwenu si hapa. Hii ikikunywa maji inafura, jua ikikuja inapasuka. Weka mavi ya ng'ombe, mingi. Na jivu. Udongo kidogo tu."

"Asante. Lakini mimi siwezi lala ndani ya mavi."

Haki ya Mungu, alisema hivyo. Akamwambia mama wa watu ambaye nyumba yake, pale tu ng'ambo ya korongo, ilikuwa ya mavi ya ng'ombe kuanzia chini hadi juu. Na si kule Bungoma tulisiriba sakafu na mavi hayo hayo kila Jumamosi! Naisenya alikaza kamba ya kuni zake akaenda. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Wiki mbili baadaye ukuta ulikuwa na nyufa za kuingiza mkono. Mvua ya Aprili ilipokuja, upande wa jikoni uliteremka wote kwa mkupuo mmoja, sufuria zikazikwa. Baba alirudi kutoka kazini, akatazama, akasema, "Sitaongea mengi. Desemba." Mama alikaa kwenye matope akalia kwa sauti, na sisi tukalia naye.

Kesho yake alivaa leso safi, akachukua kilo mbili za sukari, tukavuka korongo.

"Naisenya, nilikukosea mdomo," akasema kabla hata ya kukaribishwa.

Naisenya alipokea sukari. "Wewe uko na kichwa ngumu. Mikono je?" Kisha akacheka, akaingia kutafuta karai. "Kwetu nyumba inajengwa na mama. Mzee anapata tu mlango uko wazi."

Tangu siku hiyo kila alfajiri tulikuwa kwenye zizi lake, tukizoa mavi yakiwa bado na joto. Ukichelewa yanakauka na hayashiki. Tuliyachanganya na jivu na udongo kidogo, tukayapaka kwa viganja, tabaka nyembamba, ikauke, tena nyingine. Shuleni waliniita Mavi. Mmoja nilimpiga, na hadi leo sijutii.

Septemba nyumba ilikuwa imesimama, kavu, bila ufa. Halafu Oktoba ikaja ile mvua ya El Niño, ikanyesha kana kwamba imetumwa kwetu sisi. Upande wa upepo ulilambwa kila siku. Kila mvua ikipumzika, mama alitoka na karai akapaka tena. Baba alipita hapo akienda kazini na akirudi, kimya. Kile kimya chake kilinichoma roho. Sema kitu, mzee!

Desemba Baba Mkubwa alifika na pikapu. Hakuketi. Alizunguka nyumba mara moja, mikono nyuma.

"Nyumba gani hii inapakwa kila siku kama mtoto wa upele? Nasike, toa vitu. Wangila, shika hiyo godoro."

Mama alikuwa amechuchumaa ukutani, mikono imejaa hadi kwenye viwiko. Alimwangalia baba tu. Mimi nilikuwa nimekumbatia nguzo ya mlango, na nilikuwa nimeamua kwamba baba akigusa godoro, nitamuuma.

Baba alivua viatu. Akavua soksi, akazitia ndani ya viatu. Akakunja suruali mpaka magotini, akatembea hadi kwenye karai, akachota ule mchanganyiko kwa mikono miwili.

"Wangila!" Baba Mkubwa akasema. "Kwetu hiyo ni kazi ya wanawake."

"Najua," baba akasema. Akaupiga ukutani.

Alipaka vibaya, wacha! Mama alitazama kidogo, akasema, "Baba Vale, umeweka nene, itaanguka. Sambaza." Akasambaza. Walifanya hivyo hadi ukuta ukaisha, wakiwa wamempa Baba Mkubwa mgongo, na hakuna aliyezungumza juu ya godoro tena.

Baba Mkubwa alilala kwetu siku moja, akala kuku. Asubuhi pikapu yake ikakataa kutoka kwenye matope, ikiwa tupu vile ilivyokuja. Tuliisukuma familia nzima, na mama ndiye alisukuma kwa nguvu kutushinda wote.