Anastasie Hupiga Mara Mbili

Mwaka ule wa 2007 barabara ya Goma ilifungwa tena, lakini arusi hazikungoja vita viishe. Kadi za mwaliko za mji wetu wa Kitshanga zilichapwa dukani kwa Jules Muhindo, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, kwenye kompyuta kuukuu na programu aliyoiandika mwenyewe. Ilikuwa nzuri, sikatai. Ila alijivuna nayo mno.

Kazi ya kuchapa alimpa Anastasie, aliyekimbia vita kwao na kuacha kila kitu isipokuwa ufundi wake. Masista walikuwa wamemfundisha kwa mashine ya zamani ya taipu: macho kwenye karatasi, vidole vikikimbia. Arusi ya kwanza aliyoichapa, ya Théophile, ilipita salama. Ya pili ilikuwa ya Kétsia, binti wa Mama Béata.

"Papa Jules, hii ni nini?" Béata alifoka, kadi mkononi. "Munaalika mutoto wangu na muchumba wake kwa arusi ya Théophile? Na Théophile alishaoa!"

Watu wakasema mkono wa yule mkimbizi una mkosi. Jules alijaribu mwenyewe, kwa kidole kimoja, na kila kitu kikatoka sawa. Basi akamwambia Anastasie asirudi Jumatatu. Maskini Anastasie akakaa kwenye benchi akilia. Mimi niliyekuja kununua sabuni tu, hasira zikanipanda.

"Mutazame kwanza akichapa," nikamwambia Jules.

Akamtazama. Anastasie aliandika jina la mwalikwa, akabonyeza kitufe cha Entrée mara mbili. Kompyuta ilikuwa bado inaandika kwenye disketi, skrini imeganda. Ilipozinduka ikauliza majina ya maarusi, na swali likapotea papo hapo. Lile pigo la pili lilikuwa limewekwa akiba, likajibu: wale wale wa arusi iliyopita, ya Théophile. Anastasie, macho kwenye karatasi, akachapa majina ya Kétsia na mchumba wake Damascène, nayo yakaingia mahali pa mwalikwa mwingine.

"Juu ya nini unapiga mara mbili?" Jules akamwuliza.

"Kwa masista njo vile tulifundishwaka. Moja ya kushuka mustari, moja ya kuacha nafasi."

Jules alicheka mpaka akajishika mbavu. Béata akataka Anastasie aache tabia hiyo.

"Hapana, Mama. Vidole vyake viko muzuri. Programu yangu njo iko na kosa."

Akaongeza mistari michache: kabla ya kuuliza, chukua kila pigo la kitufe linalongoja, litupe.

Kadi mpya zikatoka, Kétsia na Damascène wake. Nilifurahi kama vile ni binti yangu. Jules akazima kompyuta.

"Jumatatu uje mapema, dada. Kuko arusi ingine."

Anastasie alifuta machozi, akanyoosha kidole kwenye kompyuta iliyozimwa, akabonyeza Entrée mara mbili.