Kiti cha Kutazama Mlango

Nilienda Houston kwa sababu nilidanganywa. Naanza na hilo ili ninyi mliobaki Uvira, mnaodhani Amerika hakuna uongo, mjue. Raymond alinipigia simu: “Faida, Jumamosi ni sikukuu ya kuzaliwa ya mama. Mlete tule pamoja.” Nikafurahi kama mjinga.

Mama yake, Mchina, ndiye niliyekuwa namtunza hapa Euless, karibu na Dallas. Nilimwita Mama Raymond, kama sisi tunavyowaita waliozaa. Alikuja nchi hii na mumewe, akaosha vyombo vya watu mpaka akafungua mgahawa wake kule Alief, Houston. Mume akafa. Watoto wake wawili, Raymond na Vivian, aliwalaza juu ya magunia ya mchele nyuma ya jiko, yeye akiendelea kukaanga. Raymond alipopata kazi huku kwenye uwanja wa ndege, mama akauza mgahawa, akanunua nyumba ili waishi wote. Kisha Raymond akarudi Houston. Mama akabaki na nyumba, na mimi.

Asubuhi, Euless. Nilimvalisha sweta jekundu. Akajaza mfuko machungwa ya wajukuu. Vivian alikuwa ameniagiza nibebe dawa zote, hata za mwezi ujao. Sikujiuliza kitu.

Dallas ikabaki nyuma. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokota, changu na chake.

“Faida, una-drive kama umebeba mayai.”

“Nimebeba bibi.”

“Bibi amekaangwa siku nyingi. Havunjiki. Twende!”

Katikati ya safari tulisimama kwenye kituo cha mafuta, tukala mayai ya kuchemsha ndani ya gari. Nilikuwa nimeegesha mbele ya duka.

“Vizuri,” akasema, “nauona mlango.” Akanieleza kwamba mezani kwao, mkubwa hukaa akitazama mlango. “Tangu mume wangu afe, kiti hicho changu.”

Nikamwambia mama yangu pia alikuwa anakaa hivyo siku za vita, ili awe wa kwanza kuwaona askari. Na wao walipoingia, yeye ndiye waliyemwona kwanza.

Akamenya yai la mwisho, akanitia mkononi. “Kula.”

Mchana, Alief. Mgahawa aliouchagua Raymond ulikuwa kati ya duka la Wanaijeria na saluni ya Wavietnamu. Meza ya mviringo, juu yake kioo cha kuzungusha vyakula. Wajukuu hawakuwepo. Kwenye kiti cha kutazama mlango alikaa Raymond.

Vivian akavuta kiti cha upande wa jikoni, pale wahudumu wanapopita na sahani. “Mama akae hapa, ni rahisi kutoka.”

Mama alisimama, ameshika kigari chake cha kutembelea. Akakitazama kiti, akamtazama mwanawe. Akasema maneno machache ya Kichina. Raymond akainamia simu yake.

“Amesema nini?” nikamuuliza Vivian.

“Kwamba hana njaa.”

Keki ilipokatwa, Raymond akanivuta pembeni. “Asante kwa kazi yako. Hatarudi Euless. Tumempatia nafasi kwenye nyumba ya wazee, hapa karibu.”

“Ndiyo unaniambia sasa?”

“Tungekuambia, ungemwambia.”

Hiyo ni kweli kabisa. Ningemwambia.

Alasiri, nyumba ya wazee. Raymond na Vivian walibaki chini wakisaini. Mimi nilimpeleka chumbani, nikamuuliza alisema nini pale mezani.

“Nilimuuliza, nyumba yangu umeshaiuza? Vivian alikwambia nini?”

“Kwamba huna njaa.”

Akacheka kidogo. “Hiyo nayo kweli.”

Kiti cha chumba kilitazama televisheni. Nikaanza kukigeuza kielekee mlangoni. Akanizuia mkono.

“Acha. Kutazama mlango ni kwa mwenye nyumba.”

“Basi nitakuja kukuona, Mama Raymond.”

“Usiniite hivyo tena.”

“Nikuite nani?”

Alilitafuta jina kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. “Suk-ling,” akasema. Mpaka leo sijui mara ya mwisho nani alimwita hivyo.

Kurudi nilikuwa peke yangu. Machungwa yalikaa kwenye kiti chake cha mbele, na mimi nilikuwa nalirudia lile jina kwa sauti ili lisinipotee. Nyumba yake hapa Euless imeshaingia watu wengine. Wakaniuliza wenzangu kanisani, wa Bukavu, kwa nini nina hasira na mambo ya Wachina. Ni Raymond na Vivian, nawataja, si Wachina. Waliotutoa Uvira nao walikuwa na majina, na tuliwajua.

Nilichojifunza ni hiki: kuna watu wanakutoa kwako kwa bunduki, na kuna wanaokutoa kwa keki. Siku hizi nimegeuza kiti changu mezani, kinatazama mlango. Nilidhani Amerika mtu anaweza kula chakula chake akiupa mlango mgongo.