Mama wa Shaba Kiganjani mwa Sperata

Sperata, mshona magunia ya nafaka pale Ostia, bandari ya Roma, alikuwa ameshazika watoto watatu, wote kabla hawajapewa jina. Siku za kujifungua wa nne zilipokaribia, mumewe Hermeros, fundi mapipa, alimwambia wazi.

"Wa kiume nitamnyanyua. Wa kike, sijui. Kumwoza binti, mahari juu ya baba yake, kunakomba nyumba nzima."

"Usiseme hivyo, mume wangu. Miungu ya nyumbani inasikia."

"Inasikia, lakini hailipi."

Sperata akarudi kwenye gunia lake. Kwao mtoto mchanga hulazwa chini, na baba asipomnyanyua, huyo hana kwao tena.

Uchungu ulimshika asubuhi. Mkunga, Bibi Marcia, akamtia mkononi sarafu kubwa ya shaba. Upande mmoja alikuwapo mke wa Kaisari na nywele zake za kusukwa. Upande wa pili mungu wa kike, Uzazi, amesimama, watoto wawili mikononi, wawili miguuni.

"Mshike mama huyu, mwanangu. Wengi wamemshika."

"Na wote walizaa salama?"

"Wewe sukuma. Maswali baadaye."

Adhuhuri akazaliwa binti, analia kwa nguvu zake zote. Bibi Marcia akakata kitovu, akamlaza sakafuni, akamwita baba.

Hermeros aliingia na maranda ya mbao kichwani. Saa hiyo mama hana ruhusa ya kuomba. Alimtazama mtoto. Kisha akageuka mlangoni.

Sperata akafumbua kiganja amrudishie mkunga sarafu yake. Bibi Marcia akaitoa, akaguta kwa mshangao. Pale kwenye nyama, kwa wekundu, alisimama yule mama na watoto wake wanne, kila mmoja na kichwa chake.

Hermeros akarudi. Akaushika mkono wa mkewe, akauelekeza dirishani, akawagusa wale wadogo mmoja mmoja, akihesabu hadi wanne.

"Nani kawachora hapa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Miaka thelathini nazalisha," Bibi Marcia akajibu, "sijaona kitu kama hiki."

Alama ilikuwa imeanza kufifia. Hermeros akaiangalia mpaka ikatoka yote, midomo yake ikienda kama mtu anayesali. Ndipo akapiga magoti kando ya mtoto.

"Bibi, shingo yake naishikaje?"

"Mkono chini ya kichwa, baba. Ndiyo, hivyo hivyo."

Akamnyanyua.