Kengele ya Saa Kumi na Moja

Kengele ya saa kumi na moja ikilia, alichomoa pasi, akaizungushia waya, akaisimamisha kwenye rafu ya chuma na kuchukua mkoba wake. Hakubaki katika kiwanda kile cha nguo hata dakika moja ambayo karani hakuiandika. Kanuni hiyo aliishika miaka ishirini na mbili, wenzake wakamwita Mama Kengele.

"Huyu akipewa shati la bwana harusi," walimtania, "mtu ataoa mkono mmoja umenyooka, wa pili una makunyanzi."

"Aoe kesho, haraka ya nini?" alijibu, huyo mlangoni.

Hakuanza hivyo. Miaka miwili ya mwanzo alibaki kila jioni, akiamini anaonekana. Alipokwenda kuomba kupandishwa daraja, karani alifungua daftari la mahudhurio, akapitisha kidole. "Dada yangu, humu wewe ni sawa na wengine tu." Jioni zake zote hazikuwamo. Hakulia wala hakugombana. Aliamua.

Wifi yake, mke wa kaka yake, alipiga pasi meza ya pili, na huyo alibaki kila jioni bila kuandikwa. Msimamizi wao alipokaribia kustaafu, meneja aliwaita wote wawili ofisini kwake.

"Nataka mtu wa kujitolea. Mwezi huu oda ni kubwa. Atakayebaki jioni, ndiye nitakayemwona."

"Nitabaki, bosi," alisema Mama Kengele. "Hata hadi saa tatu. Karani aandike."

Meneja akacheka. "Sasa ukiandikiwa, mama, utakuwa umejitolea nini?"

"Kujitolea, ninajitolea nyumbani. Nina mama mzazi kitandani, yeye hana kiwanda cha kunilipa."

Nje, wifi yake alimvuta mkono. "Wifi, acha ubishi! Jikaze mwezi mmoja tu, cheo hicho chako. Kazi unanizidi."

"Mwezi mmoja? Wewe huu mwaka wa sita, wifi."

Jioni ile kengele ililia meneja akiwa amesimama kando ya meza yake. Mama Kengele alichomoa pasi, akaizungushia waya, akaaga kwa heshima.

Cheo alipewa wifi yake. Mama Kengele alikuwa wa kwanza kumpongeza, na kesho yake, mbele ya msimamizi mpya, akaondoka kengele ilipolia. Wenzao kumi na mmoja, nao waliosikia ahadi ile wakabaki mwezi mzima, hawakupata cheo wala malipo.

Wapo wanaowaambia vijana kwamba mwenye msimamo hulipwa mwishowe. Wanawadanganya. Mama Kengele aliijua bei tangu siku ile ofisini, akaikubali akiwa na akili zake timamu.

Yeye na wifi yake walistaafu mwaka uleule, na pensheni hupigiwa hesabu kwa mshahara wa mwisho. Msimamo wake ulimnyima usimamizi, na kila mwezi, mpaka atakapokufa, atapokea nusu ya anachopokea wifi yake.