Kuku wa Kichina wa Mchuma Chai

Yule mchuma chai wa Kaplong ana vidole visivyojua kutulia. Hata chumvi anaichuma mkebeni kama majani mawili na chipukizi. Mama mkwe alipotangaza kanisani kwamba bibi ya mtoto wake anajua kupika sukuma wiki tu, mchuma chai akaapa kumpikia kuku wa Kichina, yule aliyemwona kwenye simu. Sosi ya soya hakuna, akamwaga chai ya rangi: si rangi ni ile ile? Unga wa Wachina hakuna, akampaka kuku unga wa ugali. Kuku akatoka mweusi kama sufuria. Mama mkwe akatafuna, akatafuna tena. Vidole vya mchuma chai vikatulia kwa mara ya kwanza.

“Wachina wanakula hii?”

“Kila siku, mama.”

“Ndiyo maana wanamaliza kujenga barabara zetu haraka. Lete hilo paja lingine.”