Jina Nililoandika Juu ya Safu ya Tatu

Najua mtasema niliota. Sikuota. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua linawaka, na mkono wangu wa kushoto haunyooki mpaka leo. Ndoto gani inavunja mfupa?

Mimi si msemaji. Darasani mwalimu akiniuliza, jibu ninalo lakini linakwama kooni, ndiyo maana ninaandika kila kitu. Dada yangu Masika analijua hilo, na likizo moja akanipa kazi. Yeye yuko chuoni, anasoma sosholojia, na walikuwa wameagizwa kuandika juu ya vipindi vya watoto kwenye televisheni: wahesabu watu wanapigana mara ngapi, halafu watazame watoto wanafanya nini wakimaliza kuangalia. Televisheni ya nyumbani kwetu Kasese ilikuwa imeungua, basi tukaenda Bwera, mpakani, kwa shangazi. Jirani yake, Mama Baluku, anayesema Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka, ana dishi na ana watoto. Mumewe anapakia simenti kiwandani Hima, nyumbani anarudi mara chache.

Kazi tuligawana hivi. Dada aliketi mbele, amekazia macho kioo, kila pigo mstari mmoja. Mimi nilikaa nyuma karibu na dirisha nikiwatazama watoto. Katuni ikiisha wanakimbilia uani, dada anabaki akijumlisha, mimi nachungulia dirishani: anayempiga mwenzake nampigia mstari. Kila mtoto na safu yake.

Katuni yenyewe ilikuwa ya mbwa na jogoo. Jogoo anampiga mbwa kwa nyundo, mbwa anakuwa bapa kama chapati, anatikisa kichwa, anaamka. Anapasuliwa kwa shoka, anaamka. Anapitiwa na lori, anaamka. Watoto walicheka mpaka wakagaragara.

Mmoja tu hakucheka. Alikaa karibu kabisa na kioo, fulana ya rangi ya machungwa, kiganja amekibana kwenye sikio la kushoto kama mtu anayeumwa na sikio. Kila mara mbwa alipoamka, yeye aligeuka na kumtazama Baluku, mtoto mkubwa wa nyumba. Na Baluku, niamini, aliinamisha uso.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na ni kosa la mtu wa kabila langu, Mkonzo. Kwetu jina linafuata zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Nilishawasikia wakiitana: Baluku wa miaka kumi na miwili, Bwambale wa kumi, Kule wa mitano. Huyu wa fulana ya machungwa hakuna aliyemwita, lakini kwa kimo alikuwa kati ya Bwambale na Kule. Ningeuliza nini tena? Na hata kama ningetaka kuuliza, niliona haya. Nikaandika juu ya safu ya tatu: Masereka.

Siku mbili zikapita hivyo. Uani Baluku na Bwambale walipigana ngumi, mateke, fimbo, mpaka Kule aliye mdogo naye akajifunza kung'ata. Masereka hakumgusa mtu. Alisimama karibu na kinu cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, akiwatazama. Safu yake ilibaki tupu.

Siku ya tatu, watoto wakiwa wameshatoka uani, Mama Baluku akatuletea chai. Akatutania kwamba sisi tunasoma mpaka katuni, kesho tutasoma hata kuku. Akaniomba nimsomee nilichoandika, ajue nani mkorofi zaidi. Nikasoma kwa sauti yangu ndogo: Baluku kumi na tisa, Bwambale kumi na nne, Masereka sifuri, Kule sita.

Akaweka birika chini polepole.

"Rudia."

Nikarudia.

"Nani alikuambia hii jina?"

Nikamwambia hakuna, nililijua tu, ndiye yule aliye kati ya Bwambale na Kule. Dada akageuka kwa mara ya kwanza. "Watoto si watatu?" akaniuliza.

Mama Baluku hakumsikia. Alikuwa ananitazama mimi. "Anashikaka sikio?"

"Ndiyo, mama. La kushoto."

Akakaa sakafuni. Na hapo ndipo nikasikia kwamba uani hakuna tena sauti ya mapigo, ila vicheko.

Nikatazama dirishani. Kule alikuwa amelaza kichwa kwenye ukingo wa kinu, anacheka, anangoja kama mbwa wa katuni. Bwambale amemshika miguu, naye anacheka. Baluku ameinua mchi juu ya kichwa cha mdogo wake, na Baluku alikuwa analia. Alilia kwa sababu mchi haukuwa mikononi mwake peke yake. Yule wa fulana ya machungwa alisimama nyuma yake, amejinyoosha kwa vidole vya miguu, mikono yote miwili juu ya mikono ya Baluku.

Mikono yote miwili. Basi sikio lilikuwa wazi. Upande ule wa kichwa ulikuwa umebonyea kama kibuyu kilichokanyagwa, na ndani yake mlikuwa na udongo.

Mimi ambaye sijawahi kujibu swali darasani, nilipiga kelele mpaka koo likatoa damu. Sikumbuki mlango. Nakumbuka nimeuweka mkono wangu juu ya kichwa cha Kule, na mchi umeshuka, na sauti ya mfupa, kama muhogo mkavu unapovunjwa. Nilipofungua macho yule wa fulana ya machungwa alikuwa ameniinamia.

"Ataamuka," akaniambia taratibu, kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Ku televisheni banaamukaka."

Kisha hakuwapo tena. Palikuwa na Baluku, mchi, na damu yangu inaingia ndani ya kinu.

Mama Baluku mwenyewe alinipeleka hospitali kwa piki, na njiani akanieleza. Miaka mitatu nyuma yeye na mumewe waliwaambia majirani kwamba Masereka alianguka kutoka mtini. Hakuanguka. Watoto walikuwa wanacheza mchezo wa televisheni, kinu kile kile, mchi ule ule, na Baluku alingoja ndugu yake aamke mpaka giza likaingia. Na kinu wazazi hawakukitupa. Waliendelea kutwangia sombe na kula, jirani asije akauliza.

Dada alibadilisha mada, akaandika juu ya wachuuzi wa soko. Baluku na wadogo zake wamepelekwa kwa bibi yao Kilembe, ambako hakuna televisheni. Lakini Mama Baluku aliniomba ukurasa ule. Nilidhani anataka kuuchoma. Akaukunja, akautia katika Biblia. "Hakuwahi kuandikwa shuleni," akasema, "na kaburini hatukuweka kibao. Hapa tu ndipo jina lake liko."

Pasaka nilikwenda kumsalimu. Nyumbani alikuwa peke yake, televisheni inawaka, mbwa na jogoo. Alikuwa ametandika mkeka mbele ya kioo na kuweka kikombe cha maziwa, nusu kimenyweka. Akanisogezea daftari jipya na kalamu.

"Kaa, mwanangu. Mimi simuonake. Wewe andika."

Nilikimbia. Nisameheni, nilikimbia.

Wewe unayesoma, watoto wakikaa mbele ya televisheni, wahesabu. Wakizidi idadi aliyokutajia mama yao, shinda haya yako, uulize. Usimpe mtoto jina ambalo hajakuambia mwenyewe. Mimi nililiandika mara moja tu, kwa kalamu ya buluu, na bado ananijia akitaka nimwandikie mistari.